Kuifungua namba 61,741,120 kwa kalamu na daftari: mwongozo kamili

Tarehe 31 Oktoba 2022, katika Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo ya mwanzo ya Sensa ya Watu na Makazi iliyoanza usiku wa kuamkia 23 Agosti. Tanzania tuko watu 61,741,120: Bara 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Wengi waliisikia namba ile wakawaza shule, zahanati, visima na madawati, na ndivyo ilivyokusudiwa. Mimi nafundisha hisabati. Niliiandika nyuma ya daftari na kuanza kuigawanya, na jioni ile sikulala mapema.

Tangu hapo nimeitumia darasani kuliko namba yoyote ya kitabuni. Ni kubwa kiasi cha kumtisha mwanafunzi, lakini haishindi kalamu. Na ndani yake mna vitu ambavyo hata ningekaa kuvitunga nisingevipata. Hapa chini naifungua hatua kwa hatua. Ukishajua njia, utaweza kuifungua namba yoyote ya ukubwa huo. Andaa kalamu, daftari na muda wa saa moja hivi. Kikokotoo cha simu kitumie kukagua tu, maana kikikufanyia kazi yote hutaona namba inavyoachia.

Hakikisha umeinakili sawasawa

Kabla ya lolote, kagua. Namba ndefu hukosewa wakati wa kunakili, na ukikosea tarakimu moja utafanya kazi ya saa nzima juu ya namba nyingine. Njia ya zamani ya kukagua ni kutupa tisa: jumlisha tarakimu, na jumla ikiwa na tarakimu mbili jumlisha tena, hadi ibaki moja.

Bara: 5+9+8+5+1+3+4+7 ni 42, kisha 4+2 ni 6. Zanzibar: 1+8+8+9+7+7+3 ni 43, kisha 7. Jumlisha 6 na 7 upate 13, yaani 4. Sasa jumla ya taifa: 6+1+7+4+1+1+2+0 ni 22, yaani 4. Zimekubaliana.

Siri yake ni kwamba 10 ukiigawa kwa 9 inabaki 1, na 100 inabaki 1, na 1,000 vilevile. Kwa hiyo kila tarakimu, iwe ya mamoja au ya mamilioni, inaacha baki lilelile lake. Lakini njia hii ina upofu mmoja: ukibadilisha nafasi za tarakimu mbili, ukaandika 61,714,120, jumla bado ni 22 na hutaona kosa. Kwa hiyo ukishatupa tisa, soma namba kwa sauti makundi matatu matatu ukilinganisha na ulikoitoa.

Ondoa 2 na 5 kwanza

Namba inaishia na sifuri, basi inagawanyika kwa 10, yaani kwa 2 na kwa 5. Hilo analijua mtoto wa darasa la tano. Swali lenye faida ni hili: 2 imo mara ngapi?

Usigawe mara kwa mara kwa kubahatisha. Tazama mwisho wa namba. Kujua kama namba inagawanyika kwa 4, tarakimu mbili za mwisho zinatosha, kwa sababu 100 yenyewe inagawanyika kwa 4. Kwa 8 tazama tatu, kwa 16 nne, na kuendelea. Hapa 20 inagawanyika kwa 4. 120 inagawanyika kwa 8. 1,120 gawa kwa 16 ni 70. 41,120 gawa kwa 32 ni 1,285. 741,120 gawa kwa 64 ni 11,580. Tarakimu saba, 1,741,120, ukigawa kwa 128 inakataa, inabaki nusu. Basi 2 imo mara sita kamili.

61,741,120 ÷ 64 = 964,705. Gawa kwa 5 upate 192,941. Hii inaishia na 1, kwa hiyo 5 imo mara moja tu. Na 3? Jumla ya tarakimu ilikuwa 22, nayo haigawanyiki kwa 3, hivyo 3 haimo kabisa. Andika pembeni: 2⁶ × 5 × 192,941.

7, 11 na 13 kwa mpigo mmoja

Hatua hii ndiyo wanafunzi wangu huipenda kuliko zote. Zidisha 7 × 11 × 13, unapata 1,001. Maana yake 1,000 ni pungufu ya 1 tu kufikia namba inayogawanyika kwa zote tatu. Basi kata namba katika makundi ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kisha toa na jumlisha kwa zamu:

120 − 741 + 61 = −560

Alama ya kutoa isikusumbue. Uliza tu 560 inasemaje. 560 ni 7 × 80, kwa hiyo namba yetu inagawanyika kwa 7. Ukigawa kwa 11 linabaki 10, basi 11 haimo. Ukigawa kwa 13, 559 ni 13 × 43, linabaki 1, basi 13 nayo haimo.

Subiri kidogo hapo kwenye 13. Tumepata −560, na −559 ndiyo ingegawanyika. Namba yetu imepungukiwa na 1 tu. Kwa hiyo jirani yake wa juu, 61,741,121, ni 13 × 4,749,317. Angehesabiwa mtu mmoja zaidi, mtoto mmoja aliyezaliwa dakika chache kabla ya saa sita za usiku ule, namba ya taifa ingegawanyika kwa 13 na ingepoteza vigawo vyote tunavyovitafuta. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1, kwa sababu kinachozigawa zote mbili lazima kigawe na tofauti yao.

Sasa 192,941 ÷ 7 = 27,563. Jaribu 7 tena kwa njia ileile: 563 − 27 ni 536, na 7 × 76 ni 532, linabaki 4. 7 imo mara moja.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa: 27,563

Namba hii ina sura ya namba tasa. Haiishii na shufwa wala 5. Imekataa 3, 7, 11 na 13. Kijana mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, hii ni tasa, imegoma." Nikamwambia, "Mwanangu, imegomea nani? Umeuliza wangapi?" Hilo ndilo swali lenyewe. Kabla hujasema namba ni tasa, lazima ujue unatakiwa uulize hadi wapi.

Jibu ni kipeuo cha pili. Namba ikiwa ni zao la namba mbili, haziwezi zote kuwa kubwa kuliko kipeuo chake cha pili, la sivyo zao lingeizidi. Basi ukijaribu namba tasa zote hadi kwenye kipeuo bila kupata, umemaliza. Kwa 61,741,120 nzima, kipeuo ni 7,857 na ushei. Namba tasa zilizo chini ya hapo hazifiki 1,000, kwa kuwa namba tasa ya 1,000 ni 7,919. Zingekuwa nyingi, lakini angalia jinsi kazi ilivyopungua kila tulipoondoa kigawo: kwa 192,941 kipeuo kinashuka hadi 439, na kwa 27,563 ni 166 tu. Ndiyo maana tunaanza na vigawo vidogo.

Namba tasa za kujaribu unazipata kwa chekeche la Eratosthenes, mtaalamu aliyezaliwa Kirene, katika Libya ya leo, akafanya kazi Aleksandria nchini Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Andika namba kutoka 2 hadi 166. Acha 2, futa vigawe vyake vyote. Acha 3, futa vigawe vyake. Ikifuata 5, kisha 7, kisha 11. Ukishafuta vigawe vya 11 umemaliza, kwa sababu 13 × 13 ni 169, imeshapita mwisho wa orodha. Ni kama mama anavyopepeta mtama kwa ungo: pumba zinaruka, punje zinabaki.

Sasa gawa 27,563 kwa kila punje. Kwa 17 linabaki 6. Kwa 19 linabaki 13. Kwa 23 linabaki 9. Kwa 29 linabaki 13 tena. Kwa 31 linabaki 4. Kwa 37 linabaki 35. Kwa 41 linabaki 11. Andika mabaki haya yote usifute, maana ukipata kosa baadaye utajua urudi wapi. Kisha 43: 43 × 640 ni 27,520, ongeza 43, ni 27,563. Imeingia, hakuna baki.

27,563 = 43 × 641.

Je, 641 ni tasa? Usianze kuigawa upya. Kigawo chochote cha 641 ni kigawo cha 27,563, na tumeshaona kwamba hakuna namba tasa iliyo chini ya 43 inayoigawa 27,563. Kipeuo cha 641 ni 25 na kitu. Kwa hiyo imeshathibitishwa bila hesabu hata moja ya ziada. Hii hapa sasa namba ya taifa ikiwa imevuliwa nguo:

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641

Zidisha nyuma ukague: 64 × 5 ni 320, mara 7 ni 2,240, mara 43 ni 96,320, mara 641 ni 61,741,120. Hakuna njia nyingine ya kuiandika kama zao la namba tasa, ukiacha kubadilisha mpangilio. Watu kumi wakiifungua kwa njia kumi tofauti, wote watakutana hapo.

Mgeni mashuhuri ndani ya sensa

Nilipoona 641 nilisimama nikazunguka chumba. Namba hii ina historia.

Katika karne ya 17 Mfaransa Pierre de Fermat alitazama namba 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kila moja ni 2 yenye kipeo 1, 2, 4, 8 au 16, ukiongeza 1, na zote ni tasa. Aliamini mfululizo huo hauna mwisho wa utasa. Inayofuata ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297. Kwa karibu karne moja hakuna aliyeweza kumkanusha. Mwaka 1732 Leonhard Euler, kijana wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, alionyesha kwamba namba hiyo inagawanyika. Kigawo chake ni 641. Hiyohiyo iliyomo katika hesabu ya Watanzania.

Na unaweza kuithibitisha leo mezani kwako. 641 inaandikika kwa namna mbili: ni 5 × 128 + 1, na ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Ukihesabu kwa mabaki ya kugawa kwa 641, namna ya kwanza inasema 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Ipandishe kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Namna ya pili inasema 5⁴ ni sawa na −2⁴. Iweke mahali pa 5⁴: −2⁴ × 2²⁸, yaani −2³², ni sawa na 1. Basi 2³² + 1 inaacha baki 0. Mistari minne, na dai la Fermat limeanguka. Kigawo cha pili ni 6,700,417.

Ikumbuke 625 hiyo. Tutakutana nayo tena kabla hatujatoka Dodoma.

Vigawo vyote viko vingapi

Usiviorodheshe kimoja kimoja. Kila kigawo kinajengwa kwa kuchagua: 2 uichukue mara 0 hadi 6, hizo ni chaguo 7, 5 uichukue au uiache, chaguo 2, vivyo hivyo 7, 43 na 641. Zidisha: 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112. Vigawo 112, jozi 56. Kati yake witiri ni 16 tu, vilivyobaki 96 ni shufwa.

Jozi iliyo karibu zaidi na mraba ni 6,880 × 8,974. Ukitaka kuhakikisha, kumbuka kwamba katika kila jozi kimoja kimebeba 641. Kati ya 6,880 na 8,974 vigawe vya 641 ni vile vya 11, 12 na 13, navyo havimo, kwa kuwa namba yetu haina 11, 3 wala 13. Maana yake wote tuliohesabiwa tungeweza kusimama katika mstatili mmoja, safu 6,880, kila safu watu 8,974, bila hata mmoja kubaki nje. Kila mtu akipewa mita moja ya mraba, mstatili huo ni karibu kilomita 7 kwa 9. Tambarare za Bahi zingetutosha.

Jumla ya vigawo nayo haihitaji orodha. Kwa 2⁶ jumla ya 1+2+4+8+16+32+64 ni 127. Kwa nyingine ongeza 1 tu: 6, 8, 44 na 642. Zidisha zote: 127 × 6 × 8 × 44 × 642 = 172,199,808. Ondoa namba yenyewe, vigawo vilivyobaki vinajumlika kuwa 110,458,688, zaidi ya namba yenyewe. Wagiriki wa kale waliziita namba za namna hii namba zilizozidi.

Kuna kipimo kingine, nacho ndicho chenye kazi kubwa zaidi duniani leo: kati ya 1 na 61,741,120, ni namba ngapi zisizo na kigawo cha shirika na hii zaidi ya 1? Ni hesabu ya kupunguza. Nusu zinaondoka kwa sababu ya 2, moja ya tano ya zilizobaki kwa sababu ya 5, moja ya saba kwa sababu ya 7, na kuendelea. Ukiandika vizuri inakuwa 32 × 4 × 6 × 42 × 640 = 20,643,840. Karibu theluthi moja.

Umeona kwamba tuliipata kwa urahisi kwa sababu tulikuwa na vigawo tasa mkononi. Bila vigawo, hakuna anayejua njia ya haraka ya kuipata. Juu ya ugumu huo Rivest, Shamir na Adleman walijenga mwaka 1977 kufuli la siri liitwalo RSA, ambalo limelinda ujumbe mwingi sana wa intaneti. Unatangaza zao la namba tasa mbili kubwa mno, unaficha namba tasa zenyewe. Mwezi Februari 2020 wataalamu walifanikiwa kufungua namba moja ya RSA yenye tarakimu 250, na kazi hiyo ilihitaji maelfu ya vichakato vya kompyuta. Ya kwetu ina tarakimu nane, ndiyo maana kalamu imetosha.

Je, inaweza kuwa jumla ya miraba miwili?

Chukua namba mbili, zipandishe mraba, ujumlishe. Je, unaweza kupata 61,741,120?

Mraba wowote ukiugawa kwa 4 unaacha 0 au 1. Kutokana na hilo, na kazi ndefu ya Fermat na Euler, tuna kanuni: namba ni jumla ya miraba miwili ikiwa kila kigawo chake tasa kinachoacha baki 3 kwa 4 kimo mara shufwa. Tazama vya kwetu. 5 inaacha 1, 641 inaacha 1. Lakini 7 inaacha 3, na 43 inaacha 3, na kila moja imo mara moja tu. Jibu ni hapana, hata ukihangaika mwaka mzima.

Hapa pana mtego ninaotaka uuone. Ukiondoa 64, inayobaki, 964,705, inaacha baki 1 kwa 4. Kwa mtazamo wa nje inaonekana haina tatizo. Zile 3 mbili zimezidishana zikawa 9, na 9 inaacha 1, zikafichana. Bila kuifungua namba usingejua.

Kwa miraba mitatu mambo ni mengine. Mwishoni mwa karne ya 18 Adrien-Marie Legendre alionyesha kwamba zinazoshindwa ni zile tu ambazo, ukishaondoa 4 zote, inayobaki inaacha 7 kwa 8. Yetu: 705 ukigawa kwa 8 linabaki 1. Inawezekana basi, na tuitafute. Mraba mkubwa wa karibu na 964,705 ni wa 982, yaani 964,324, unabakiza 381, nayo ni 3 × 127, imekatazwa. Shuka hatua moja: mraba wa 981 ni 962,361, unabakiza 2,344, ambayo ni 8 × 293. 293 inaacha 1 kwa 4, kuna matumaini. Na kweli, 38² + 30² ni 1,444 + 900, yaani 2,344. Zidisha kila upande wa mraba kwa 8 kurudisha ile 64:

7,848² + 304² + 240² = 61,741,120

Kwa jaribio la pili tu. Kagua: 61,591,104 + 92,416 + 57,600.

Ile 6174 mwanzoni

Waliosoma kidogo habari za namba watakuwa wameshaiona: namba yetu inaanza na 6174. Mwaka 1949 mwalimu wa shule nchini India, D. R. Kaprekar, aligundua kwamba ukichukua tarakimu nne ambazo angalau mbili zinatofautiana, ukazipanga kutoka kubwa hadi ndogo, ukatoa mpangilio wa kinyume, na kurudia, utafika 6174 ndani ya hatua zisizozidi saba. Jaribu na 2022: 2220 − 0222 ni 1998, 9981 − 1899 ni 8082, 8820 − 0288 ni 8532, 8532 − 2358 ni 6174. Na ukiendelea, 7641 − 1467 inakurudisha palepale.

Inafurahisha, nami huanza nayo kipindi ili kuwaamsha waliosinzia baada ya chakula cha mchana. Lakini huwaambia wanafunzi waitenganishe na 641. Ile 6174 imo katika mwandiko wetu wa makumi tu. Andika namba hiyohiyo kwa mbili, kama kompyuta zinavyofanya, nayo ni 11101011100001100001000000. 6174 imetoweka. Ila hesabu sifuri za mwisho: ziko sita. Ile 2⁶ haikwenda popote, na 641 bado imo. Unapochunguza namba, jiulize kila mara kama unachokiona kitabaki ukibadilisha mwandiko.

Kitu cha kati kati ya hayo mawili ni desimali. Ukigawa 1 kwa 61,741,120, desimali inaanza na tarakimu sita zisizojirudia, kwa sababu ya 2⁶, kisha inaingia kwenye mzunguko wa tarakimu 672. Mzunguko wa 7 una urefu wa 6, wa 43 una 21, wa 641 una 32, na 672 ni kigawe kidogo cha shirika cha hizo tatu.

Namba ya Dodoma yenyewe

Sensa ileile iliupa Mkoa wa Dodoma watu 3,085,625. Inaishia na 625, basi igawe kwa 625: unapata 4,937. Kipeuo cha 4,937 ni 70 na kitu, kwa hiyo namba tasa za kujaribu ni 19, kutoka 2 hadi 67. Nimezijaribu zote. 47 inakaribia sana, linabaki 2, lakini hakuna inayoingia. 4,937 ni tasa, na Dodoma ni 5⁴ × 4,937. Vigawo kumi tu, ukilinganisha na 112 vya taifa. Na 5⁴ ni ileile 625 iliyotusaidia kwa 641.

Sasa miraba. 4,937 inaacha 1 kwa 4, na 5 inaacha 1. Hakuna kizuizi. Toa miraba ukishuka kutoka 70. Ukifika 64 inabaki 841, ambayo ni mraba wa 29. Zidisha kwa 25 kila upande:

1,600² + 725² = 3,085,625

Taifa zima haliwezi kupangwa katika miraba miwili, Dodoma inaweza. Siku ya kwanza kulionyesha hili ubaoni darasa lilipiga makofi, nami nilifurahi pamoja nao.

Kigawo kikubwa cha shirika cha namba hizi mbili kitafute kwa njia ya Euclid, hata kama hujui vigawo tasa vyake: gawa kubwa kwa ndogo, chukua baki, endelea. 61,741,120 ni 20 × 3,085,625 na baki 28,620. Hapo hapo unaona kwamba kwa kila Watanzania 20, karibu mmoja yuko mkoa huu. Kisha mabaki yanashuka: 23,285, 5,335, 1,945, 1,445, 500, 445, 55, 5, halafu 0. Kigawo ni 5, kama tulivyotarajia.

Zamu yako sasa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Kata makundi matatu matatu: 923 − 928 + 44 ni 39, kwa hiyo 13 imo, na 7 na 11 hazimo. Ukiiondoa 13 inabaki 3,456,071. Kipeuo chake ni karibu 1,859, na 13 haiingii tena. Anza na 17.